Mfereji wa Mtaa Wetu na Uraia Tuliouacha Getini

Kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikifundisha chuo kikuu somo linalohusu serikali za mitaa. Kwa miaka hiyo hiyo tisa nimeishi katika mtaa mmoja wa jiji la Dar es Salaam, na hadi Aprili mwaka huu sikuwa nimehudhuria mkutano hata mmoja wa mtaa huo. Ninayatanguliza maelezo haya ili msomaji ajue kwamba makala hii, kabla ya kumnyoshea kidole mtu mwingine yeyote, inaninyoshea mimi.

Barabara yetu ni ya vumbi na urefu wake haufiki nusu kilometa. Inaanzia juu, penye mwinuko, ambako nyumba zimezungushiwa kuta ndefu na mageti ya chuma. Inashuka hadi bondeni, ambako nyumba ni za kupanga, chumba kimoja kimoja, familia sita au saba zikitumia uwanja mmoja na choo kimoja. Juu tunaishi watumishi wa umma, wafanyabiashara, mhandisi mmoja na mhadhiri mmoja. Chini wanaishi mafundi, waendesha bodaboda, mama lishe, na baadhi ya walinzi ambao usiku hupanda kuja kuzilinda nyumba za juu. Kinachoziunganisha pande hizi mbili, mbali na barabara yenyewe, ni mfereji wa maji ya mvua uliochimbwa kandokando yake. Mfereji huo humwaga maji katika kijito, na kijito humwaga katika Mto Msimbazi, ambao hupita Jangwani kabla ya kuingia Bahari ya Hindi.

Usiku mmoja wa masika mfereji ulifurika. Sisi wa juu tulisikia mvua ikipiga bati, tukajifunika vizuri zaidi. Walio bondeni waliamka maji yakiwa yamefika kwenye magodoro. Mama mmoja anayeuza vitumbua alipoteza mchele aliokuwa ameuloweka kwa ajili ya biashara ya alfajiri, gunia la mkaa, na daftari la wadeni wake. Hayo yangeweza kuvumilika. Lakini usiku ule, kama ilivyo desturi mbaya ya jiji hili kila mvua kubwa inaponyesha, kuna wenye nyumba waliotapisha vyoo vyao ili uchafu uchukuliwe na maji na wao wakwepe gharama ya gari la kunyonya. Maji yaliyoingia vyumbani mwa watu hayakuwa ya mvua peke yake. Ndani ya wiki ile watoto wawili walilazwa kwa kuhara.

Kulipopambazuka, kundi letu la WhatsApp lilichangamka. Mmoja alisema kwamba watu wa bondeni ndio wanaotupa taka mferejini, hivyo wavune walichopanda. Mwingine akasema anayejenga au kupanga bondeni ajue anakaa katika njia ya maji. Nami nikachangia, kwa lugha iliyonyooka, kwamba tatizo hili ni la kimfumo na kwamba halmashauri inapaswa kuwajibishwa. Nilipongezwa na wengi. Ilinichukua siku mbili kutambua kwamba katika kundi lile hapakuwa na hata mtu mmoja ambaye maji yaliingia ndani mwake. Kundi ni la wenye nyumba. Wapangaji hawamo.

Jumamosi mama muuza vitumbua alibisha geti. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Poleni na mvua." Nilitahayari kupewa pole na mtu ambaye godoro lake bado lilikuwa limeanikwa ukutani. Hakuwa amekuja kuomba msaada. "Mwalimu," akasema, "mwenyekiti ameitisha mkutano kesho saa kumi. Tunaomba safari hii uje."

Maneno mawili yalinikaa kichwani usiku kucha: safari hii.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya mtaa, chini ya mwarobaini, kwenye mabenchi na viti vya plastiki vilivyoazimwa. Tulikuwa watu kama arobaini, wengi wao wanawake, wengi wao wapangaji. Kutoka juu ya barabara tulikuwa wawili. Mzee mmoja alisogea ili nipate nafasi kwenye benchi, akaniambia, "Karibu, mwalimu," kana kwamba nilikuwa mgeni aliyetoka safari ya mbali. Na kweli nilikuwa mgeni.

Afisa mtendaji wa mtaa akasoma muhtasari wa vikao vilivyopita. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza somo ninalolifundisha. Kumbe suala la mfereji lilikwisha kujadiliwa mara tatu katika muda wa miaka miwili. Mara ya kwanza waliazimia kuuzibua kwa nguvu zao wenyewe, na walifanya hivyo. Mara ya pili waliazimia kila kaya ya wapangaji ichange shilingi 5,000 na kila mwenye nyumba 20,000. Mara ya tatu walipitia orodha ya michango. Orodha ile ilipitishwa mkono kwa mkono, nikaiona. Mistari ya wapangaji ilikuwa imejaa tiki, mingine ikionyesha malipo ya shilingi elfu moja moja hadi deni likaisha. Mistari ya nyumba zenye mageti ilikuwa mitupu, isipokuwa mitatu. Mbele ya mstari mmoja paliandikwa: "Nyumba ya mwalimu wa chuo. Hayupo. Taarifa amepewa mlinzi."

Kisha fundi ujenzi mmoja anayeishi bondeni akaombwa aeleze kwa nini mfereji unaziba kila mara hata baada ya kuzibuliwa. Akasema kwamba taka ni sehemu tu ya tatizo. Sehemu kubwa ni vivuko vya magari. Kila mwenye gari amejenga kivuko mbele ya geti lake, na chini ya kivuko ametandaza bomba badala ya kalavati lenye upana wa mfereji wenyewe. Mfereji una upana wa karibu futi mbili. Bomba la plastiki lina inchi sita. Mfuko mmoja wa rambo na matawi mawili ya mti yanatosha kuufunga mlango huo. Maji yakikosa njia hupanda barabarani, na yakipanda barabarani hushuka yanakotaka. "Panapoanza kuziba," akasema bila kumtazama mtu, "ni kwenye geti la nne kutoka juu."

Geti la nne ni langu.

Nakumbuka siku kivuko kile kilipojengwa. Fundi wangu aliniuliza kama tuweke kalavati la zege au bomba. Nikauliza bei. Tofauti haikuwa kubwa, lakini nilikuwa na haraka ya kuingiza gari ndani, na mfereji ulikuwa nje ya ukuta wangu. Nikasema, weka bomba. Uamuzi ule nilioutoa kwa nusu dakika umekuwa ukitekelezwa kila masika katika chumba cha mwanamke ambaye hata jina lake nilikuwa silijui.

Nimesimulia haya kwa urefu si kwa sababu yana upekee, bali kwa sababu hayana. Ninaamini kila msomaji wa makala hii anayeishi mjini anaifahamu barabara kama hii, na huenda analo geti lake. Swali linalonishughulisha ni hili: kwa nini sisi tuliosoma, tunaojua sheria, tunaoandika taarifa na kutetea haki, tumejiondoa kabisa katika chombo pekee cha dola ambacho tunaweza kukifikia kwa miguu na kukisemesha ana kwa ana?

Sheria haikukusudia hivyo. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ya mwaka 1977 zinatambua serikali za mitaa na kueleza kwamba lengo la kuwapo kwake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Katika miji, ngazi ya chini kabisa ya madaraka hayo ni mtaa, wenye mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi, kamati, mtendaji aliyeajiriwa, na mkutano wa wakazi wote watu wazima. Sheria haitofautishi mwenye nyumba na mpangaji. Mama muuza vitumbua na mimi tuna sauti ileile moja. Tofauti ni kwamba yeye aliitumia yake, mimi niliiacha getini.

Historia nayo imekwisha kutufundisha gharama ya kupuuza jambo hili. Kuanzia mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa na shughuli zake zikawekwa mikononi mwa maafisa wa serikali kuu. Maafisa wale hawakuwa wajinga wala wavivu. Wengi walikuwa wasomi. Lakini mifereji iliziba, taka zilirundikana, huduma za miji zilidorora, na kuelekea mwishoni mwa muongo ule kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarejeshwe, na mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili zinazotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake: Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Sheria Na. 8 kwa mamlaka za miji. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa miongoni mwa makosa ya uongozi wake. Ninalolisisitiza hapa ni kwamba mfereji haukuanza leo kuwa suala la kisiasa. Ulikuwa wa kisiasa tangu pale taifa lilipogundua kwamba afisa aliye mbali hawezi kuuona. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kuna wakati serikali iliondoa madaraka mitaani kwa sheria. Leo sheria ipo, ila sisi wenyewe tumeyahama. Tumeyahama kwa njia ya kujitosheleza. Maji yakikatika tunachimba kisima. Umeme ukikatika tunawasha jenereta. Usalama ukilegea tunaongeza urefu wa ukuta na kuajiri mlinzi. Taka tunamlipa mwenye guta azichukue, wala hatuulizi anakwenda kuzimwaga wapi. Kila tatizo la umma tumelitafutia jibu la faragha, na kila jibu la faragha limetupunguzia sababu ya kukaa pamoja na jirani. Uhusiano wetu na ofisi ya mtaa umebaki kuwa wa mhuri: barua ya utambulisho ya benki, ya pasipoti, ya kumdhamini ndugu polisi. Tunaingia tukiwa na haraka, tunatoka bila kusoma tangazo lililobandikwa mlangoni.

Sitaki kujifanya kwamba hapakuwa na sababu nyingine. Kwa kizazi cha wazazi wetu, balozi wa nyumba kumi alikuwa kiungo cha chama kabla ya kuwa kiungo cha majirani, na kivuli hicho hakijaondoka chote hata baada ya kurejea kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Wengi wanauona mkutano wa mtaa kuwa mkutano wa chama. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, ambao vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, uliwavunja moyo wengi zaidi. Malalamiko hayo ni mazito na hayajibiwi kwa mahubiri ya uzalendo. Hata hivyo, nauliza: tulipoamua kususia benchi lile chini ya mwarobaini, tulimwadhibu nani? Waliobaki kukaa pale si wakubwa tuliowakasirikia. Ni wapangaji ambao hawana pa kuhamia.

Lipo pia jambo la kisheria ambalo ningependa wanafunzi wangu na watumishi wa serikali walitafakari. Kijiji katika nchi hii kina nguvu kuliko mtaa. Halmashauri ya kijiji ina utu wa kisheria: inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushitaki na kushitakiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ikaikabidhi pia usimamizi wa ardhi ya kijiji. Mtaa haukupewa hadhi hiyo. Mkazi wa jiji lenye watu zaidi ya milioni tano, kwa sensa ya mwaka 2022, ana chombo cha karibu kilicho dhaifu kuliko cha binamu yake aliyebaki kijijini. Mwenyekiti wetu hawezi kumlazimisha mtu abomoe kivuko. Anaweza kumwomba, na akikataa, ampelekee taarifa mtendaji wa kata. Huo ni mjadala wa sera unaohitaji wataalamu. Lakini wataalamu hawawezi kuupigania udhaifu wa chombo ambacho hawajawahi kukitumia. Mimi niliufundisha udhaifu huo kwa miaka tisa kutoka vitabuni. Niliuelewa siku nilipomwona mwenyekiti akisoma orodha ya michango kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hawezi kumfanya mtu lolote.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa kuwa nililitoa mwenyewe. Tunalipa kodi; kwa nini raia achimbe mfereji? Pingamizi hili lina haki nusu. Mifereji mikubwa, makalavati yaliyo chini ya barabara kuu na usafishaji wa mito ni kazi ya mamlaka zinazolipwa kwa kodi zetu, na jasho la mama wa bondeni lisitumiwe kuficha uzembe wao. Lakini nusu ya pili ni kwamba bomba la inchi sita halikuwekwa na halmashauri. Niliweka mimi. Na kuna nusu ambayo watumishi wa serikali wanaosoma hapa wanaijua kuliko mimi: lalamiko lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp halina jalada. Lalamiko lenye muhtasari wa mkutano, mahudhurio, saini na mhuri wa mtaa lina namba ya kumbukumbu, na mtu fulani mahali fulani atatakiwa kulijibu. Wapangaji wale walikuwa na saini. Walichokosa kwa miaka miwili ni watu wanaojua kuandika barua ambayo haiwezi kutupwa, yaani sisi.

Baada ya mkutano nilibomoa kivuko changu na kuweka kalavati la zege lenye upana wa mfereji. Nililipa mchango niliokuwa nadaiwa. Majirani wawili wa juu nao walibomoa vyao, na mhandisi wetu akajitolea kupima mteremko, akagundua kwamba sehemu moja ya mfereji inapanda badala ya kushuka. Jirani mmoja amekataa. Anasema mfereji uko nje ya ukuta wake na hivyo haumhusu. Siwezi kumlaumu kwa sauti kubwa, kwa sababu maneno yake nayajua. Barua kuhusu kalavati la barabara kuu, ambalo ndilo linalozuia maji yasifike kijitoni, iliandikwa kwa niaba ya mkutano, ikasainiwa na wakazi 61, na ikapokelewa katika ofisi husika mwezi Mei. Hadi ninapoandika, Septemba, jibu halijaja. Tumekubaliana kwamba tutakwenda kulifuata kwa pamoja, watu wa juu na watu wa bondeni, na si kwa ujumbe wa simu.

Kwa hiyo sijaandika hadithi ya ushindi. Kazi haijaisha na huenda mvua zijazo zikatuaibisha tena. Ninachoweza kusema ni kwamba sasa ninajua majina ya watu kumi na wanne wanaoishi bondeni, na wao wanajua langu, na hakuna kati yetu anayeweza tena kudai kwamba hakujua maji yanaelekea wapi.

Kwa wanafunzi wangu: muhula huu zoezi la kwanza halitakuwa la maktaba. Kila mmoja atahudhuria mkutano mmoja wa mtaa anaoishi, aniletee nakala ya agenda. Kwa wanaharakati: madai ya katiba mpya ni halali, lakini mtu anayedai katiba na hamjui mwenyekiti wa mtaa wake anadai nyumba huku akiwa haijui njia ya kuifikia. Kwa watumishi wa umma: mnaporudi jioni mkapigiwa geti, tazameni kidogo chini, mahali gari linapovukia. Ulizeni bomba lina inchi ngapi.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Mama muuza vitumbua amekwisha kuinua kizingiti cha mlango wake kwa matofali mawili. Mkutano wetu ujao ni Jumapili, saa kumi alasiri.